Breki ya Mkono Iwekwe Wapi? Majibu kwa Wajenzi wa Mabehewa ya Mfano

Katika toleo lililopita tulieleza namna ya kuunganisha chasisi ya behewa la mizigo la Marekani katika skeli ya HO, yaani uwiano ambao mfano ni mdogo mara 87 kuliko behewa halisi, na kwa kuwa breki ya mkono tuliigusia kwa sentensi mbili tu, wasomaji wametudai deni la maelezo yaliyobaki. Tunalilipa hapa. Neno moja la lugha kabla ya kuanza: kile kiduara ambacho mfanyakazi wa reli hukizungusha kwa mikono tutakiita usukani wa breki, ili kisichanganywe na magurudumu yanayokanyaga reli, na kila mwisho wa behewa tutauita ncha.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimenunua seti ya behewa la kisanduku, lile lenye kuta na paa, ambalo mwili wake haukutobolewa tundu hata moja. Karatasi ya maelekezo inasema tu kwamba usukani wa breki ubandikwe kwenye ncha. Behewa lina ncha mbili zinazofanana kabisa. Niuweke ipi, na kuna ubaya gani nikiuweka popote?

JIBU: Ncha hizo zinafanana kwa macho tu. Katika reli za Marekani na Kanada kila behewa la mizigo lina ncha ya A na ncha ya B, na ncha ya B ndiyo yenye breki ya mkono. Ushauri wangu ni kwamba usianze kwa kuitazama ncha yenyewe, bali uligeuze behewa tumbo juu, kwa sababu jibu la swali lako liko chini. Itafute silinda ya breki ya hewa, kisha uangalie ufito wa pistoni umetokea upande gani, kwa maana katika behewa la kisanduku ufito huo huelekea ncha ya B.

Jambo hili halikutokana na mazoea ya mafundi. Hewa inapoingia ndani ya silinda, pistoni huusukuma wenzo mkuu kuelekea ncha ya B, na wenzo huo, kwa kupitia fito na boriti za breki, huzibana bloku kwenye magurudumu ya bogi zote mbili, yaani zile fremu za magurudumu zilizo chini ya kila ncha. Mtu anapozungusha usukani, mnyororo hujiviringa na kuuvuta wenzo ule ule kuelekea upande ule ule. Hewa inasukuma, mkono unavuta, na mwendo wa wenzo ni mmoja. Ukibandika usukani kwenye ncha ya A huku pistoni ikielekea B, utakuwa umejenga behewa ambalo mfanyakazi wake, kila anapodhani anaikaza breki, anaurudisha wenzo nyuma na kuilegeza. Watazamaji wengi hawatang'amua kosa hilo, lakini wewe utalijua kila behewa litakapopita mbele yako. Ninalo moja la namna hiyo kabatini, nililolijenga kabla sijajifunza kutazama chini, na sijawahi kuwa na moyo wa kulibandua usukani wala wa kulirudisha kwenye reli.

Ukishaijua ncha, jifikirie umesimama katikati ya njia ya reli ukiutazama ukuta wa ncha ya B. Usukani huwa kushoto kwa mstari wa katikati. Kanuni za vifaa vya usalama zilizotolewa Machi 1911 na tume ya serikali ya Marekani iliyosimamia biashara baina ya majimbo, katika kuitekeleza sheria ya mwaka 1910 iliyoongezea ile ya 1893, ziliagiza kwamba shafti ya breki iwe kushoto kwa katikati, kwa umbali usiopungua inchi 17 wala kuzidi inchi 22. Kwa skeli ya HO, ambayo ni 1:87, hiyo ni takriban milimita 5 hadi milimita 6.4. Nafasi hiyo ni finyu, nayo ni faida kwako, kwa kuwa huhitaji kukisia: chora kwa penseli mstari wa katikati, pima milimita 5.5 kwenda kushoto, toboa.

Ngazi nazo zitakuhakikishia. Ngazi ya ukuta wa ncha huwa upande wa kushoto wa ukuta huo, na ngazi ya ubavuni huwa upande wa kulia wa kila ubavu, hivyo ngazi mbili hukutana kwenye pembe moja, na behewa zima lina pembe mbili za aina hiyo zinazotazamana kwa mshazari. Usukani hukaa kati ya ngazi ya ncha na mstari wa katikati, kwa sababu mfanyakazi alipaswa kuweza kutoka kwenye ngazi na kukanyaga kibao cha breki hali treni inakwenda. Ukiona usukani wako uko ng'ambo ya ngazi, ama usukani umekosewa ama ngazi.

Usiutumie ufunguo huu wa pistoni bila kufikiri kwenye mabehewa ya hopa, ambayo humwaga mzigo kwa chini. Tumbo lake limejaa milango ya kumwagia, kwa hiyo silinda mara nyingi hupandishwa juu ya jukwaa la ncha, chini ya bamba la mteremko. Hapo kuwepo kwa silinda kwenyewe ndiko kunakokuonyesha ncha ya B.

SWALI: Mhariri, salaam. Behewa langu ni la mbao, lenye mihimili ya chuma inayoonekana nje, nami nalijenga kama lilivyokuwa mwaka 1926. Ndani ya seti nimekuta kijisanduku cha gia chenye usukani uliosimama wima kama saa ya ukutani. Rafiki yangu anasisitiza kwamba kwa mwaka huo usukani unapaswa kulala juu ya fimbo ndefu. Ni nani mkweli kati ya rafiki yangu na kiwanda?

JIBU: Rafiki yako ni mkweli, ingawa na kiwanda nacho hakikukosea sana, maana mabehewa mengi ya mbao yaliishi muda mrefu na kubadilishiwa vifaa njiani.

Kwa muda mrefu breki ya mkono ya behewa la kisanduku ilikuwa shafti ya chuma iliyosimama wima kwenye ukuta wa ncha, ikatokeza juu ya ukingo wa paa, na juu yake usukani ukalala kama sahani. Upande wa chini mnyororo ulijiviringa kwenye shafti yenyewe. Hapakuwa na gia ya kuongeza nguvu. Palikuwa na gurudumu dogo la meno kwenye kibao cha breki, pamoja na ulimi wa chuma ambao mfanyakazi aliusukuma kwa mguu ili meno yasirudi nyuma. Ndiyo maana wafanyakazi wa breki walitembea na rungu la mbao, wakalipenyeza kati ya mikono ya usukani ili wapate nguvu zaidi ya kukaza. Kanuni za 1911 zilitaka shafti yenye kipenyo kisichopungua inchi 1¼, na usukani usiopungua inchi 15, na ikipendekezwa uwe inchi 16. Katika HO, waya wa milimita 0.38 unakaribia kabisa unene wa shafti hiyo, na usukani wa inchi 16 unakuwa milimita 4.7.

Breki za gia, ambazo usukani wake husimama wima mbele ya kijisanduku, zilienea kwenye mabehewa mapya ya kisanduku katika miaka ya 1930. Usukani wake ni mkubwa zaidi, kwa kawaida inchi 22, yaani milimita 6.4 katika HO. Tofauti hii ya ukubwa ndiyo inayoziumbua kazi nyingi ninazoletewa kuzitazama: mjenzi ameondoa gia kama inavyofaa, akaweka shafti ndefu, kisha juu yake akabandika usukani ule ule mpana uliokuja na gia, na behewa likaonekana kama limevaa kofia ya mtu mwingine.

Kwa behewa lako la 1926 fanya hivi. Kata waya wa shaba ya manjano wa milimita 0.38, urefu wa kutoka chini ya chasisi hadi juu kidogo ya paa. Tengeneza vishikizo viwili vya waya mwembamba zaidi, vyenye umbo la tundu la sindano, ukavitie katika matundu kwenye ukuta ili shafti ipite ndani yake badala ya kugandishwa ukutani. Kanuni ziliacha nafasi ya inchi 4 kuuzunguka usukani ili vidole visibanwe, na shafti iliyolazwa juu ya mbao haitoi nafasi hiyo. Kibao cha breki nacho kilitakiwa kiwe na urefu usiopungua inchi 28 na ukingo wake wa nje utokeze inchi 8 au zaidi kutoka kwenye uso wa behewa, kwa hiyo kikate kiwe na milimita 8.2 kwa 2.4. Chini, shafti iishie kwenye kikombe kidogo cha waya kilichokunjwa kama kikuku cha kupandia farasi.

Na kwa kuwa umeshaamua mwaka, hakikisha kilicho chini nacho ni cha mwaka huo. Mwaka 1926 behewa lako lingekuwa na breki ya hewa ya aina ya K, ambayo mara nyingi silinda, tangi la hewa na vali vilishikana kuwa kitu kimoja. Breki ya AB, yenye silinda, tangi na vali vilivyotengana, ilianza kudaiwa kwenye mabehewa mapya mwaka 1933, na yale ya K yalizuiwa kuvuka kutoka reli ya kampuni moja kwenda nyingine mwaka 1953. Usukani uliolala juu ya shafti pamoja na breki ya AB si kosa, kwa kuwa mabehewa mengi ya zamani yalibadilishiwa breki ya hewa na kuachiwa breki ya mkono ya asili. Kosa ni kinyume chake: gia mpya juu, K chini, na tarehe ya 1926 imechapwa ubavuni.

SWALI: Nimefanikiwa kuweka usukani na kijisanduku cha gia, lakini picha za mabehewa halisi zinaonyesha kitu kinachoteremka kutoka kwenye kijisanduku hadi chini. Ni mnyororo au ufito? Na nikiuweka, je, bogi haitagonga kwenye kona kali?

JIBU: Ni vyote viwili kwa zamu. Kutoka ndani ya kijisanduku hutoka mnyororo mfupi, unaofungwa kwenye ufito unaoshuka wima kwenye ukuta wa ncha. Ufito huo hukutana na kiwiko cha chuma kwenye kizingiti cha chasisi, na kazi ya kiwiko ni kuugeuza mvuto wa kwenda juu uwe mvuto wa ulalo. Kutoka kwenye kiwiko ufito mwingine, wenye kipande cha mnyororo, huenda chini ya behewa hadi kwenye wenzo wa silinda. Kwenye breki ya shafti ya zamani hakuna kiwiko, kwa sababu shafti inazunguka na mnyororo unajiviringa kwa ulalo tangu mwanzo.

Kwa ufito wa wima waya wa milimita 0.3 unatosha. Kwa mnyororo, ule mwembamba wa vito au wa meli za mfano, wenye pingili 40 kwa inchi, unafaa kwa HO. Wa pingili chache zaidi utaonekana kama mnyororo wa nanga. Kipande cha pingili sita au nane kinatosha, nacho kigandishe kwa tone dogo la supagluu lililochukuliwa kwa ncha ya sindano, huku umekivuta kidogo, kwa kuwa gundi ikikuta mnyororo umelegea itaukausha ukiwa na mikunjo ambayo hakuna uzito wa mnyororo wa kweli ungeikubali.

Ama kuhusu bogi, hofu yako ina msingi. Ufito wa ulalo hupita karibu sana na bogi ya ncha ya B, na katika mfano, ambao hulazimishwa kupita kona kali kuliko reli yoyote halisi ya treni za mizigo, magurudumu huuparuza. Mimi hufunga bogi kwanza, nikalipitisha behewa bila rangi kwenye kona kali kuliko zote nilizo nazo, nikapaka wino wa kalamu kwenye kingo za magurudumu ili nione yanagusa wapi, ndipo nikaukata ufito. Mara nyingi ufito unaweza kusogezwa juu zaidi, ukaegemea boriti ya katikati ya chasisi. Isipowezekana, ukate ukiishia nyuma ya bogi, na sehemu inayobaki ya mbele iishie kwenye kiwiko. Behewa likiwa juu ya reli, pengo hilo limefichwa na bogi yenyewe. Sioni dhambi katika hilo. Behewa linaloanguka kutoka kwenye reli kwa ajili ya waya usioonekana halimfurahishi mtu.

Ukiwa bado na kibano mkononi, usiisahau vali ya kushikilia hewa. Ni kijikopo kidogo karibu na usukani kwenye ncha ya B, chenye bomba jembamba linaloshuka hadi kwenye vali kuu. Iliwekwa pale ili mfanyakazi aliye juu aifikie kabla treni haijaanza kushuka mteremko mrefu. Kwa waya wa milimita 0.2 na kipande cha plastiki, behewa hupata uhai ambao usukani peke yake hauupi.

SWALI: Nataka kuonyesha miaka ya katikati ya 1970. Je, mabehewa yote ya kisanduku yawe na usukani chini, au mengine juu?

JIBU: Yachanganye, ila uchanganye kwa kufuata historia. Mabehewa mapya ya kisanduku yalianza kujengwa mwaka 1966 bila njia ya kutembelea juu ya paa, na kwa kuwa hapakuwa tena na sababu ya mtu kupanda juu, usukani ulishushwa, ngazi zikafupishwa, na kwenye ncha pakawekwa jukwaa la kuvukia juu ya kiunganishi. Mabehewa ya zamani yaliondolewa njia ya paani polepole katika miaka iliyofuata. Hapo ndipo penye utamu kwa mjenzi, kwa sababu mengi ya hayo yaliachiwa usukani wake juu, na kwa hiyo yalibakiziwa ngazi ndefu kwenye ncha ya B peke yake, huku za ncha ya A zikikatwa. Behewa la namna hiyo, lenye paa tupu, ngazi ndefu nyuma na fupi mbele, litaeleza mwaka unaouonyesha kuliko maandishi yoyote ya ubavuni. Ukishusha usukani wa behewa la zamani, ziba tundu la juu vizuri, na ufupishe ufito wa wima, jambo ambalo wengi hulisahau wakaacha waya ukining'inia kutoka mahali pasipo na kitu.

SWALI: Mimi hujenga skeli ya N. Sukani zilizomo katika seti zangu ni nene kama mkate. Nifanyeje?

JIBU: Usukani wa inchi 22 katika skeli ya N, yaani 1:160, ni milimita 3.5, na plastiki ya kumiminwa katika kalibu haiwezi kuwa nyembamba kiasi kinachostahili bila kuvunjika. Tafuta sukani za shaba zilizochongwa kwa asidi, uzikate kwenye fremu yake kwa wembe mpya juu ya kioo, kisha uzikandamize katikati kwa ncha butu ili zipate ubonde kidogo. Ukibaki na za plastiki, zisugue kwa nyuma juu ya msasa laini, na uipake mikono yake rangi iliyokoza kuliko ya ukingo, ili jicho lidhani ni nyembamba.

SWALI: Kwenye behewa bapa nimeweka shafti na usukani, lakini sasa mzigo wangu wa mabomba unaotokeza nje ya ncha unaugonga. Je, wenye reli walifanyaje?

JIBU: Waliishusha shafti. Mabehewa bapa mengi yalikuwa na shafti inayoweza kuteremshwa mpaka usukani ukakaribia sakafu, mzigo ukapita juu yake. Toboa tundu la shafti lipitilize sakafu, usiweke gundi, na uache waya usogee juu na chini kwa kubanwa na tundu lenyewe. Unapojenga treni yenye mzigo, ushushe. Behewa likiwa tupu, upandishe.

SWALI: Nimezawadiwa behewa la Kiingereza la makaa ya mawe, skeli ya OO. Nimelizungusha mara tatu nikitafuta usukani. Je, umepotea?

JIBU: Haukuwahi kuwepo. Behewa la kawaida la mizigo la Uingereza, lenye magurudumu manne, lilifungwa breki kwa wenzo mrefu uliolala ubavuni, ambao mtu aliyesimama chini aliukandamiza na kuufunga kwa pini kwenye kishikio chenye matundu. Kanuni za huko, zilizotolewa mwaka ule ule wa 1911, zilitaka breki ifungike kutoka pande zote mbili za behewa, na mpini wa wenzo uwe upande wa kulia wa mtu anayeutazama ubavu. Kwa hiyo nyenzo mbili za behewa lako zinapaswa kuelekea ncha tofauti.

Hapo huzaliwa fumbo ambalo huwashinda wengi. Ikiwa nyenzo zote mbili zimefungwa kwenye shafti moja inayokatiza chini ya behewa, na kila moja inakandamizwa chini kwa upande wake wa kulia, basi zinaizungusha shafti kwa mielekeo inayopingana. Katika breki ya aina ya Morton ufumbuzi ulikuwa kifaa kidogo cha kugeuza mwendo, kilichowekwa kwenye ubavu mmoja tu. Kikague chasisi: kama bloku za breki ziko ubavu mmoja pekee, kifaa cha kugeuza huwa ubavu wa pili, ule usio na bloku. Watengenezaji wa seti huweka vipande vya pande zote mbili kwenye fremu moja ya plastiki, na ni rahisi kuvibadilishana bila kujua, basi viandike kwa penseli kabla ya kuvikata.